Hewa ya Chini

Mwalimu Anselmi ndiye aliyemshawishi mkewe ashuke kutoka Kilema. Theopista alikuwa na pumu, na baridi ya mlimani ilipomwingia kifuani alilala ameketi, mgongo ukutani. Anselmi, aliyefundisha jiografia katika shule moja karibu na Mnazi Mmoja, alimwambia, "Huku juu hewa ni nyepesi. Pwani ni nzito, utavuta ushibe." Theopista alimwamini. Nani asingemwamini mwalimu?

Huo ulikuwa mwaka wa hamsini na nne. Wakapanga chumba kwa Bi Mwanamkuu, mtaa wa Gerezani. Upande mmoja moshi wa gari-moshi. Upande wa pili mafundi magodoro wakichambua sufi mchana kutwa, vumbi lake likielea hadi ndani ya vyungu. Haukupita muda kifua cha Theopista kikaanza kulia filimbi.

"Nirudishe nyumbani," alisema.

"Vumilia shule zifungwe. Mwili haujazoea tu."

Alasiri moja Anselmi alikuwa amechora ubaoni matabaka ya hewa, moja juu ya jingine. Akawaeleza wanafunzi kwamba mawingu, mvua, ndege, miti na watu, vyote vimebanana katika tabaka la chini kabisa. Huko juu ni baridi na utupu. "Na hili letu ni jembamba," alisema. "Dunia ingekuwa kitunguu, sisi sote tungeishi ndani ya lile ganda kavu la nje."

Bi Mwanamkuu akatokea mlangoni bila hodi, kanga imemteleza kichwani. "Mwalimu, mkeo!"

Anselmi alimkuta barazani kwao, mikono imeshika magoti, mabega yamepanda, midomo imegeuka rangi. Akambeba mgongoni kwenda hospitali, Bi Mwanamkuu akiwafuata mbio huku akimpepea. Katikati ya uwanja wa Mnazi Mmoja upepo wa bahari ulivuma kwa nguvu. Hewa tele, mbingu nzima ya hewa, na Theopista hakuweza kuvuta hata funda moja. Mikono yake ikalegea shingoni mwa mumewe. Anselmi akazidi kukimbia.

"Mlaze, Mwalimu," Bi Mwanamkuu akamwita. "Mlaze chini, baba. Amekwisha kwenda."

Wakamzika hukuhuku, mchangani. Dada yake, Clotilda, aliwasili mazishi yamepita.

"Shemeji, alikuomba arudi?"

"Aliomba."

"Ukamwambia nini?"

Anselmi akafungua kinywa aeleze habari ya hewa nzito na hewa nyepesi, jinsi alivyoisoma, na kwamba ilikuwa kweli. Akakifunga. Clotilda akakunja nguo za marehemu, akazifunga kwenye shuka, akaondoka bila kuaga.

Asubuhi Bi Mwanamkuu aliukuta uji aliompelekea jioni umeganda kikombeni, naye Anselmi ameketi palepale ukingoni mwa kitanda, viatu miguuni.