Mizani na Pampu kwenye Anwani Moja

Kaka yangu Vern Pelkey na mume wangu Gordy hawakuwa wamesemeshana tangu Krismasi, na wote wawili ni mafundi wa kiwanda kimoja cha jibini hapa Wisconsin, ambako mimi nafungasha. Chanzo kilikuwa mashine ya kuondolea theluji. Vern aliiazima kwetu ikiwa nzima, akairudisha inafuka moshi, akadai aliichukua hivyo hivyo. Basi Gordy akanuna, Vern naye akanuna, mimi nikawa tarishi wao.

Mwezi Machi tuliletewa mizani mpya kwenye mkanda wetu unaobeba vipande vya jibini. Vern akaifunga na kuchomeka kebo yake kwenye swichi, kile kisanduku chenye matundu ambamo kebo za mashine zote hukutana ili zipashane habari. Kila mashine kwenye mtandao ule ina anwani yake, namba tu, kama ya nyumba. Mizani akaipa ishirini. Kompyuta inayoongoza mkanda ikitaka uzito wa kipande, humuuliza ishirini.

Asubuhi ilianza vizuri. Baada ya mapumziko ya kahawa skrini yangu ikawa nyekundu: mizani haipatikani. Mkanda ukasimama, vipande vikabanana. Punde mizani ikarudi yenyewe, halafu ikapotea tena.

Vern akabadilisha kebo. Akaihamishia tundu jingine. Akaizima swichi na kuiwasha, mashine nyingine zikasimama nazo, watu wakamzomea.

"Noreen, umegusa kitu hapa?"

"Mimi nagusa jibini tu, kaka."

Mwishowe akaichomoa mizani kabisa, akafungua kompyuta yake ya mkononi na kuiita anwani ishirini. Hakupaswa kujibiwa na mtu. Akajibiwa.

"He! Kebo ya mizani ninayo mkononi. Sasa huyu anayeitikia ni nani?"

Nyuma ya ukuta pampu mpya ya kuvuta maji yanayochujwa kwenye jibini ilikuwa inanguruma. Gordy alikuwa akiijaribu tangu tuliporudi kazini, anawasha, anazima.

"Hiyo pampu nayo imo kwenye mtandao?" nikauliza.

Vern akakunja uso. "Muulize mumeo."

Nikamwita Gordy. Akaja anafuta mikono, akasimama kando yangu, akaniangalia mimi peke yangu.

"Mwambie mumeo aseme pampu yake kaipa anwani gani," Vern akasema.

"Mwambie kaka yako ni ishirini. Nilipoangalia ilikuwa haina mtu."

"Mwambie haikuwa na mtu kwa sababu mizani ilikuwa bado haijawashwa! Sasa wanaitikia wawili, kompyuta inachanganyikiwa!"

"Mwambie angenitaarifu!"

"Mwambie angeuliza!"

"Mimi simwambii mtu tena," nikasema. "Midomo mnayo. Jibini yote hii inapata joto hapa. Semezaneni, au nikamwite meneja aje awe mkalimani wenu."

Wenzangu wakainamisha vichwa wasionekane wanacheka. Gordy akamgeukia Vern.

"Shemeji," akasema, "ukiihamisha mizani itabidi ukaguse na programu ya mkanda. Pampu yangu bado iko kwenye majaribio. Acha nihame mimi."

"Utahamia wapi?"

"Si uniambie wewe. Namba zipi huku kwako zina wenyewe?"

Vern alijitahidi asicheke, akashindwa. "Nenda arobaini. Kule hutapata jirani wa kukusumbua."

Gordy akabadilisha namba, akawasha pampu. Ikanguruma. Vern akairudisha kebo ya mizani. Sote tukaikodolea macho skrini yangu, ikawa kijani na kubaki kijani, vipande vikaanza kutembea, na mwanamke mmoja mwishoni mwa mkanda akapiga makofi.

Mchana kutwa niliwaona wakizunguka kiwanda wawili, wakifungua makabati ya swichi na kugawana namba: mashine za mapipa huku, za kufungashia kule. Mashine ya theluji hakuna aliyeitaja.

Ijumaa tulikwenda kula samaki wa kukaanga kwenye baa ya mjini. Kabla sahani hazijafika walikuwa wameshaanza kubishana kama kompyuta za ofisi zitengwe na mtandao wa mitambo. Gordy alitaka zitengwe kabisa. Vern alitaka mlango mmoja tu kati yao, wenye kufuli. Walichora kwa chumvi mezani. Mhudumu, Bernadine, akaniinamia.

"Hawa wanagombana tena?"

"Hata," nikamwambia. "Niongezee viazi, shoga yangu. Leo sina haraka."