Kiti cha Mama Koleta

Kwa miaka mitatu Agnetha alikataa katakata kupanda ndege ya mumewe. Si kwamba hakumwamini Leodgar. Katika duka lake la dawa alimwamini, kama walivyomwamini watu wote wa mtaa wa Gongoni waliokunywa dawa alizowauzia, lakini kile kidude cha viti viwili alichokirusha kila Jumamosi alikitazama kama mtu anavyomtazama mbwa wa jirani. Kisha, Jumamosi moja ya Oktoba, huku akikoroga uji, akasema mwenyewe, "Baba Koleta, leo napanda. Nizungushe mara moja tu juu ya mji, nione unachokifanya huko, roho yangu itulie."

Leodgar nusura amwage chai. Akamwambia atatangulia kuijaribu ndege peke yake kabla jua halijakaza, maana joto likipanda Tabora hewa huwa nyepesi na ndege huwa mvivu kuliko punda wa kukodi. Yeye aje baadaye, amsubiri uwanjani. Moyoni alikuwa na ombi moja tu: siku hiyo isiharibike. Mke aliyekukatalia miaka mitatu akishtuka mara moja, hapandi tena mpaka kiama.

Akaruka kuelekea magharibi, akiifuata ile njia ya zamani ya misafara. Marubani wa starehe wa hapa wanaipenda kwa sababu ukiwa juu bado unaiona, mstari uliofifia katikati ya miombo. Mambo yalikuwa shwari mpaka kitu kilipoanza kugonga ubavuni. Ko, ko, ko. Mgeni wa kazi hii angedhani injini inakata roho. Leodgar alijua ni uzembe wake mwenyewe: mkanda wa kiti cha abiria ulibanwa na mlango, ncha ikabaki nje ikichezewa na upepo. Si hatari, ila huchubua rangi, naye hakutaka Agnetha aanze kwa kuuliza mikwaruzo ile imetoka wapi. Chini aliona kiwanja cha nyasi kilichoachwa na shamba la tumbaku lililokufa zamani. Akatua.

Alizima injini, akazunguka, akafungua mlango wa abiria na kuutupia mkanda kitini. Pori lilikuwa kimya, hata njiwa hawakulia. Sasa huyu bwana, badala ya kupanda aondoke zake, furaha ikampanda kichwani. Akauacha mlango wazi, akapiga ubavu wa ndege kwa kiganja kama wanavyofanya wapiga debe wa stendi, akaliita pori zima, "Tabora, Tabora! Bado mmoja tunaondoka! Wahi kiti!" Akacheka peke yake. Wahenga walikwisha sema, mzaha mzaha hutunga usaha.

Aliporudi upande wake, mlango wa abiria ulikuwa umefungwa. Akasema ni upepo, ingawa upepo haukuwepo.

Alifungulia injini mpaka mwisho. Ndege ikakimbia, ikakimbia, na haikuinuka. Alikuwa peke yake na mafuta nusu tangi. Ilipaswa iwe angani kitambo. Miti ikamjia. Akavuta usukani, magurudumu yakakwaruza vilele vya mininga. Rubani huujua uzito wa ndege yake kama mama anavyoujua uzito wa mtoto aliye mgongoni, na huu haukuwa uzito wa mtu mmoja. Ndege ililalia kulia. Akageuza macho polepole. Kiti kilikuwa kitupu, lakini mkanda alioutupa ovyo ulikuwa umefungwa na kukazwa, na mto wa kiti umebonyea. Kulikuwa na harufu ya kidonda kilichooza, harufu aliyoifahamu vizuri kutokana na kazi yake.

Leodgar aliogopa, tena aliogopa vibaya. Huko juu mtu hana pa kukimbilia. Akapiga moyo konde, akafanya lile alilofundishwa na mama yake tangu utotoni.

"Shikamoo," alisema.

Mto wa kiti ulisogea, kama vile mtu anajiweka sawa kwa safari.

Walipokaribia mji, mwongozaji wa ndege akamuuliza redioni wako watu wangapi. "Mmoja," Leodgar akajibu, na aibu ikamshika, kama mtu aliyemkana mgeni aliyeketi pembeni yake. Lakini angesema nini? Wangemnyang'anya leseni kabla ya mchana, na habari ingemfikia mkewe. Akaapa kwamba hatamwambia mtu, hasa Agnetha.

Alitua, akazima injini, akabaki ametazama mbele. Ndege ikatikisika, ikainuka kidogo upande wa kulia, kama inavyofanya siku zote abiria anaposhuka. Hakugeuka.

Alipopata nguvu za kutoka, Agnetha alikuwa anamjia, rozari mkononi, amevaa kitenge chake kipya. Hakuwa na woga. Alikuwa na hasira.

"Baba Koleta, unabeba mgonjwa halafu hata kumsaidia kushuka huwezi?"

"Mgonjwa gani?"

"Si huyo uliyekuja naye! Mguu wote kidonda, maskini, nimemshika mkono mwenyewe. Wa baridi huo! Na Kinyamwezi chake kama cha marehemu bibi yangu. Anasema walikuwa wanapeleka pembe za ndovu pwani, yeye na wengine wakaugua njiani, wenzao wakawaacha pale na kibuyu cha maji, wakaahidi kurudi. Nikajua homa imempanda kichwani."

"Yuko wapi sasa?"

"Kashika njia anawafuata wale waliowaacha, hataki hata kupumzika. Anasema ulipoita ni yeye tu aliyeweza kuinuka."

Leodgar akageuka, akakitazama kile kiti cha kulia. Miaka yote hiyo alimcheka mkewe kwa woga.

"Kwa hiyo mimi leo sipandi," Agnetha akasema, akiitia rozari mkobani. "Kiti changu wapewe waliobaki. Nimemwambia kwamba mume wangu si mtu wa kuacha wagonjwa porini, kwamba utawafuata. Nimempa neno langu."

"Mama Koleta," sauti ya Leodgar ilikuwa ndogo, "wamebaki wangapi?"

"Nilimuuliza. Hajui. Anasema ukitua pale na kuzima injini, utawasikia."