Folda Isiyokaguliwa

Kazi yangu ni kulinda siri za watu, na nilijiona naiweza. Ofisi yetu hutengeneza mifumo ya kompyuta ya zahanati, na kila mstari wa programu unaoandikwa hupitiwa kwanza na mtambo wa ukaguzi. Mtambo huo ukikuta nywila, yaani neno la siri la kufungulia mfumo, imeachwa wazi, unaikataa kazi hiyo na kunipigia kelele. Tuliupa jina la Kiherehere, maana hakuwa na dogo.

Kelele arobaini kwa siku, thelathini na tisa za bure. Nyingi zilitoka kwenye folda ya majaribio, iliyojaa nywila za uongo zisizofungua chochote. Siku moja nilichoka, nikamwamuru Kiherehere asiingie humo tena. Akadai sababu. Nikaandika "kelele tu", nikaenda kunywa chai.

Sikufikiria kwamba wenzangu wangeizoea njia hiyo. Mwenye haraka, kazi yake ikikataliwa na Kiherehere, aliichomeka kwenye folda ile ikapita. Mmoja wao akachomeka nywila halisi ya kumbukumbu za wagonjwa. Ilikaa humo miezi minne, mpaka wezi wakaiokota na kumwaga majina yote mtandaoni, pamoja na dawa ambazo kila mmoja anameza.

Jina la dada yangu lilikuwamo.

Dada ana chekechea nyumbani kwake. Ugonjwa wake tuliujua watatu: yeye, daktari na mimi. Aliniambia miaka sita iliyopita, jikoni, sufuria mkononi, nami nikaapa kwamba siri ile nitakufa nayo. Jumatatu walikuja watoto sita kati ya ishirini na wawili. Jumatano hakuja hata mmoja. Mchana huo alifika kwangu, akakaa bila kuvua viatu.

"Nilikwambia wewe tu," alisema.

"Sijafungua mdomo, dada. Majina yameibwa ofisini kwetu. Mko wengi."

Uso wake ukalegea. Aliniamini, na hilo ndilo lililonichoma.

"Basi nisamehe, mdogo wangu. Siku tatu hizi nakuwazia mabaya. Nilisema kikulacho ki nguoni mwako, nikajua ni wewe." Akanishika mkono. "Na huyo aliyezembea, mmempata?"

Ripoti ilikuwa ndani ya mkoba wangu, sakafuni kati ya miguu yetu. Kiherehere hasahau: alikuwa ameandika tarehe, saa, jina langu, na sababu niliyompa. Kesho asubuhi mkurugenzi angeisoma mbele ya wote.

"Bado tunamtafuta," nikasema.

"Mkimpata, niletee nimwone. Simfanyi kitu, nguvu hizo sina. Nataka tu aje akae kwenye vile viti vidogo, avihesabu."

Hakuniachia mkono. Nikamwambia nitamleta.