Mkia wa Kiguu-na-Njia

Ofisini walimwita Mama Miguu, na si kwa uzuri wa miguu yake, ingawa mwenyewe akiulizwa alisema haina ubaya. Walimwita hivyo kwa sababu kila mnyama katika mchezo wa kompyuta wa Tope Hadi Nyota alitembea kwa mistari aliyoiandika yeye. Mchezaji humuumba mnyama apendavyo, akampa miguu miwili au kumi na mmoja, akaibandika hata kisogoni akitaka, na programu ya Mama Miguu hupiga hesabu yenyewe jinsi kiumbe huyo atakavyokwenda. Hakuna aliyechorewa hatua zake. Hilo ndilo lililoupa mchezo sifa, na ndilo lililompa yeye mvi.

Mchezo wenyewe ulitengenezwa kwa miaka saba. Wanasema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, lakini aliyesema hivyo hakubeba mimba ya miaka saba. Walianza wawili, yeye na kaka yake, katika chumba kimoja juu ya duka la rangi, meza mbili zikipeana migongo na feni moja ya kugombania. Wazo lilikuwa la kaka: unaanza ukiwa kidudu cha topeni, kizazi baada ya kizazi unaota mapezi, miguu, akili, mpaka unaondoka duniani kwa chombo. Kaka alikuwa mchoraji, na kwa kuwa kila alichokichora kilitoka na macho makubwa kama visosi, wakamwita Macho.

Walipoajiri watu wengine, timu ikagawanyika. Upande wa Mama Miguu ulitaka ukweli: mnyama dhaifu afe, mwenye uzito mbaya aanguke. Upande wa Macho ulitaka mnyama wa kumchekesha mtoto. Kampuni iliyowanunua mwaka wa tano ikachagua visosi. Mchezo ulipotoka, wataalamu wa viumbe walisema ni katuni, na wachezaji wakasema wameahidiwa ulimwengu wakapewa bustani. Hata hivyo waliununua kwa wingi, wakaucheza, na mchezo ukaanza kuzaa. Mtoto wa kwanza alikuwa mchezo wa simu, wenye hatua ya majini peke yake. Wa pili ulikuwa wa wanyama kupigana, ambao Mama Miguu hapendi kuulizwa habari zake. Wa tatu ulikuwa wa watoto wadogo, humo haliwi mtu, simba na swala wote wanakula majani na kusalimiana.

Macho hakuwapo kuwaona watoto hao wakizaliwa. Aliondoka mwaka wa saba, na kilichomwondoa ni mkia.

Mnyama wao wa kwanza kabisa alikuwa na miguu mitatu, na kwa jinsi alivyozurura kwenye skrini walimwita Kiguu-na-Njia. Ndiye waliyewaonyesha wanunuzi wa kwanza, ndiye aliyekuja kukaa kwenye jalada. Asubuhi ya maonyesho hayo Macho alimbandika mkia mrefu bila kuuliza mtu. Mama Miguu alipouona wageni walikwisha kuketi, akameza hasira yake, lakini hakuisahau. Kila walipogombana, mkia ule ulirudi. Mpaka siku moja, kikao kimejaa watu, alimwambia kaka yake kwamba kazi yake yote ni hiyo, kubandika mikia ya madoido juu ya jasho la wenzake. Macho aliinuka. Alikusanya penseli zake, akaenda kufundisha kuchora shuleni. Tangu hapo walikutana kwa mama yao, wakazungumza habari za dawa za mama na paa linalovuja, na wanyama hawakutajwa tena.

Sasa miaka kumi na moja ilikuwa imepita tangu mchezo utoke, na mtoto wa nne alikuwa njiani. Huu ulikuwa na ahadi moja kubwa: kila mchezaji ataweza kuwahamishia humo wanyama wake wote wa zamani. Mama Miguu aliamua kutubu. Alikuwa na siri. Mwaka mmoja baada ya mchezo kutoka aligundua kosa katika hesabu yake mwenyewe: programu iliuweka uzito wa mnyama mbele kidogo ya mahali ulipo. Hakumwambia mtu. Mficha uchi hazai, alilijua hilo, lakini aibu ilimshinda. Safari hii angelirekebisha kimyakimya, astaafu na hesabu safi.

Jumatatu alirekebisha. Wanyama wapya walitembea vizuri hata akapiga makofi peke yake.

Jumanne wakawajaribu wanyama elfu moja wa zamani. Mia sita na kumi na wawili waliinuka, wakayumba, wakaanguka chali. Wa kwanza kuanguka alikuwa Kiguu-na-Njia.

Meneja alikuwa mtu mpole, na upole wake ulizidi kila alipokuwa na habari mbaya. Alikuja mezani kwa sauti ya chini kabisa. Kama mpaka Ijumaa hawatembei, alisema, mchezo utatoka na wanyama ishirini waliochorwa tayari, hatua zao zimechorwa pia, na wa zamani watabaki walikokuwa. Akaongeza kwa huruma, "Umekula ng'ombe mzima, dada, usishindwe na mkia."

Alikuwa akitania tu. Mama Miguu hakucheka, kwa sababu maana ya maneno yale aliijua: wanyama ambao watu waliwaumba kwa miaka kumi na moja wangekufa, na kazi ya maisha yake pamoja nao.

Siku nzima ya Jumatano aliwatazama walioanguka. Wote walikuwa na mikia mirefu. Wachezaji walikuwa wamemwiga mnyama wa kwenye jalada, na wasiomwiga waliona viumbe wao wakienda kifudifudi, wakawafuta. Hakuna aliyewafundisha. Wenye mikia waliishi, wasio nayo wakatoweka, kama kule topeni. Mikia iliurudisha nyuma uzito ambao yeye aliusukuma mbele. Kosa lake lilikuwa limepata dawa siku nyingi, bila yeye kuambiwa.

Ndipo akaupima mkia wa Kiguu-na-Njia mwenyewe. Ungepungua kidogo, angeanguka mbele. Ungezidi kidogo, angeanguka nyuma. Madoido hayapimwi hivyo.

Alhamisi alimngoja kaka yake kwenye lango la shule. Macho alitoka na vumbi la chaki hadi kwenye viwiko, akauliza kama ni mama.

"Mama mzima," alisema. "Kaka, ule mkia uliupima?"

Macho alijifuta mikono kwanza. "Mara kumi na nne."

"Kwa nini?"

"Ulikuwa umelala juu ya meza. Siku tatu hukuwa umefumba jicho. Wageni wako njiani, na mnyama wako kila nikimsimamisha anaanguka kifudifudi. Hesabu zako mimi sizijui, mdogo wangu. Najua penseli."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungewafukuza wageni, nakujua. Halafu ukaanza kunisema kwa ule mkia. Nikaona heri mimi nionekane mpenda madoido kuliko wewe uonekane hujui hesabu."

Mama Miguu alilia pale pale langoni, wanafunzi wakipita na kukodoa macho. Alimwomba radhi kwa kikao kile, kwa kila neno, na kwa miaka yote ya kuzungumza habari za paa. Macho alimpa leso, na kwa kuwa leso ilikuwa na chaki, Mama Miguu aliondoka na uso mweupe.

Ijumaa asubuhi alilirudisha kosa lake mahali pake. Kiguu-na-Njia aliinuka, akachechemea skrini nzima, na wale mia sita na kumi na wawili wakamfuata. Kisha Mama Miguu aliwasimulia wenzake yote, la kosa na la mkia, na juu ya mistari ile ya programu akaandika: *Kosa hili ni langu. Asiliguse mtu, wanyama wote wamesimama juu yake.*

Meneja, ambaye siku hiyo alizungumza kwa sauti ya kawaida, alimkumbusha orodha ya waliotengeneza mchezo. Kaka aandikwe wapi, kwenye uchoraji?

"Kwenye miguu," alisema.

Ndivyo ilivyotoka. Chini ya neno Miguu yako majina mawili, na la kaka limetangulia.