Wageni wa Upande wa Mama

Siku ya posa, huko Heru Juu, mtungi wa pombe ya mtama uliwekwa katikati ya uwanja na mirija minne ikachomekwa. Upande wa mume na upande wa mke huvuta kwanza pamoja, ndipo mazungumzo yanaanza. Dorcas alipoinama kuvuta, Ndayikunda, shangazi wa mchumba wake Fidele, aliuchomoa mrija wake mwenyewe akaufuta kwa kitenge.

"Nisamehe, binti. Hicho kidonda cha mdomoni sikielewi."

Uwanja mzima ulielewa anachomaanisha. Dorcas alikwisha kupima kila kitu mjini Kasulu, na majibu alikuwa nayo kwenye pochi. Akaeleza kama daktari alivyomweleza: vidonda vyake haviambukizi, ni vya kurithi. Askari wa mwili wanakosea, wanaishambulia nyama ya mdomo wake wakidhani ni adui. Shangazi, ambaye kwa maneno hana mpinzani kata nzima, alitabasamu tu.

"Umerithi kwa nani? Shahidi yuko wapi?"

Basi mama yake Dorcas akaingia. Winifrida alikufa miaka tisa iliyopita, akazikwa Muyama, na kwa kuwa bodaboda hazibebi marehemu alikuja kwa miguu, yeye, mama yake na bibi yake, vumbi hadi magotini. Kipriani, baba yake Dorcas, akawatandikia mkeka. Wakasalimia, wakaketi, wakafunua midomo ya chini. Kila mmoja alikuwa na kidonda cheupe chenye ukingo mwekundu, upande wa kushoto, palepale kilipo cha Dorcas.

Ndayikunda akavaa miwani, akawakagua mmoja mmoja, akawauliza kama wamekula.

"Daktari kasema kweli," akatangaza. "Ni vya ukoo."

Moyo wa Dorcas ukaruka kwa furaha, maskini.

"Kwa hiyo na wajukuu zetu watakuwa navyo. Hapana, jamani. Afadhali vingekuwa vya kuambukiza, vingetibiwa."

Fidele akatazama viatu vyake. Alikuwa kijana mwema, na siku hiyo wema wake haukumfaa mtu. Wageni wa upande wa Fidele wakaaga kwa adabu, wakawapa mkono walio hai na waliokufa, wakaenda zao.

"Unisamehe, mwanangu," Winifrida akasema. "Nilidhani wakituona watakuhurumia."

Dorcas alilia mpaka machozi yakamwishia. Kisha akauliza, "Mama, na huko vinauma?"

"Vinauma," mama yake akajibu. "Vikipona, vinarudi."