Kamera Isiyovumilia Gusaba

Mimi, Izabayo, napima kamera za video na kueleza mtandaoni, kwa Kiswahili, ipi inafaa na ipi ni kutupa pesa. Studio sina. Nina chumba kimoja karibu na soko la Kamembe, Rwanda, na vifaa vyote ananiazima Papa Mushagalusa, mfanyabiashara wa Bukavu mwenye duka hapa mjini. Hakuna mwingine anayeniazima.

Wenzangu wa miji mikubwa hupima kamera kwa kupiga picha maua na magari. Mimi naipeleka kwenye gusaba, sherehe ya kuomba mchumba. Pale wazee wa pande mbili hutaniana na kubishana wee, kabla msichana hajatolewa nje, na huwezi kumwambia mzee afupishe maneno eti kamera imechoka. Ikivumilia hapo, itavumilia popote.

Jumamosi nilikwenda na kamera mpya ya Mushagalusa, ile aliyojaza nayo kabati zima dukani. Picha zake ni nzuri, sikatai. Ngozi zetu zinatoka na rangi zake halisi, na sauti ni safi. Lakini chini ya turubai, kwa lile jua kali, ilianza kuchemka wazee wakiwa bado wanabishana. Divine, binti wa shangazi yangu aliyekuwa akiombwa siku hiyo, alipotokea na mushanana yake, vazi la sherehe, kamera ikazimika. Nilibonyeza mpaka kidole kikauma. Msichana hutoka mara moja tu, na mimi sina picha ya kumpa mama yake.

Jumatatu nikamfuata Mushagalusa dukani. Alinisikiliza, akacheka.

"Hiyo nilijua. Inapataka moto. Lakini picha iko muzuri, si ndiyo? We sema ya picha, ya moto unyamaze."

"Ulijua, Papa?"

"Biashara njo vile."

Kabla sijajibu akaingia Mukansanga, mwanamke anayerekodi harusi kule Rwimbogo kwa kamera za kukodi. Alinitambua, akafurahi. Alikuwa amekuja kununua kamera ileile, ya kwanza iliyo yake mwenyewe.

"Izabayo, mi nakufuataka kila siku. We ukisema iko muzuri, naikamata sasa hivi."

Mushagalusa alitabasamu, lakini mkono wake ulikwisha kushika begi nililobeba begani, lenye taa na maikrofoni anazoniazima. Nilimwelewa vizuri sana.

Nikamgeukia Mukansanga. "Usiikamate, maman. Bazee bakisema sana, inazimika. Mariée atatoka na mushanana yake, we utabakia unaangalia kioo cheusi. Miye imenifanyia vile juzi."

"Basi weka vitu vyangu vyote hapo," akasema Mushagalusa. "Na usirudie kuniomba hata waya. Tutaona utapima nini."

Nikaviweka mezani kimoja kimoja: kamera, taa, maikrofoni, hata kifuniko cha lenzi kilichokuwa mfukoni. Roho iliniuma, siwezi kudanganya. Kisha nikatoa simu yangu, nikampa Mukansanga anirekodi. Akaishika kwa mikono miwili, akarudi nyuma hatua chache kutafuta nafasi. Mimi nikasimama mbele ya lile kabati lililojaa.

"Leo nawaambia kamera hii inafanya nini wazee wakianza kuzungumza," nikaanza.

"Toka kwangu," akasema Mushagalusa.

"Nitatoka, Papa, nikimaliza," nikamjibu, na Mukansanga hakuishusha simu.