Bustani Iliyopakwa Kijivu

Mamasali alikamatwa akiwa juu ya ngazi, mdomo umejaa aprikoti. Hata kutema kokwa hakupewa nafasi. Askari wawili wa Kitajiki kutoka ng'ambo ya mfereji, vijana ambao juzijuzi tu walikuwa wakimwomba maji ya kunywa, walimwambia ashuke, amevuka mpaka. Akauliza mpaka gani. Wakamwonyesha simu.

Mkewe, Umsunai, Mkirgizi kama yeye, alikuwa juu ya paa akitandaza matunda yakauke. Habari aliletewa na Mohbegim, Mtajiki, jirani yake wa miaka yote, ambaye nyumba yake inaitazama bustani yao ya aprikoti kutoka ng'ambo. Alikuja mbio hadi ukingo wa mfereji akasimama anapiga kelele, Kitajiki na Kikirgizi kimekorogana kama wanavyosema watu wa bonde lile wakishikwa na haraka.

"Umsunai! Shuka, wee! Wamembeba mumeo!"

"Nani kambeba?"

"Wa kwetu! Wale watoto wa kambini. Na ngazi yenu wamechukua!"

"Mamasali kafanya nini?"

"Kachuma aprikoti!"

"Si za kwake?"

"Ndivyo nilivyomwambia yule sajini! Nikamwambia miti hii kapanda baba mkwe wa huyu mama, mimi nimeletwa hapa bibi harusi nikala matunda yake mpaka nikaharisha! Ananijibu eti, mama, simu haisemi hivyo."

Umsunai akashuka. Hakunawa mikono, hakubadili kitambaa cha kichwa. Alivuka daraja la mbao akashika njia ya kambini, akisema peke yake njia nzima, na aliyoyasema hayaandikiki.

Kambi ya Watajiki ilikuwa na kapteni mmoja, Rajabali, kijana mwembamba mwenye adabu zake. Alimkaribisha kwa chai na mkate. Akamwita apa, kama wanavyoitwa wanawake watu wazima pande zote mbili za mfereji, na adabu hiyo ndiyo iliyomchoma Umsunai kuliko angetukanwa. Nyuma ya ukuta wa chumba alimsikia mumewe akikohoa kile kikohozi chake cha tumbaku.

"Mtoe," akasema.

"Siwezi, apa. Amevuka mpaka bila kibali. Ijumaa anapelekwa mjini mkoani, kwa hakimu. Na kule kesi za mpaka wanahesabu miaka, hawahesabu siku."

"Amevuka kwenda wapi? Kwenye mti wa baba yake?"

Kapteni akaweka simu yake mezani, akaigeuza imtazame mama. Ramani. Mfereji, mapaa ya nyumba, hata tanuri la mkate la Mohbegim lilionekana. Na mstari wa mpaka, mweusi, umepita huku, chini kabisa ya ukuta wa kijiji cha Umsunai. Bustani yote iko Tajikistani.

Umsunai naye akatoa yake. Ramani ile ile, kampuni ile ile, hata kile kialama cha rangi pembeni ni kile kile. Lakini ya kwake mstari ulipita kule, nyuma ya banda la kuku la Mohbegim. Bustani yote iko Kirgizistani.

Wakaziweka simu zote mbili pamoja juu ya meza. Wakazitazama kama watu wanaotazama mapacha na kujiuliza nani kaiba.

"Kampuni moja?" akauliza Umsunai.

"Moja."

"Sasa mwongo nani kati yao?"

"Apa, ukiwa na laini ya kwenu inakuonyesha inavyowapendeza wakubwa wa kwenu. Ukiwa na ya kwetu, inavyowapendeza wa kwetu. Hawataki ugomvi na serikali yoyote. Wana wateja pande zote."

"Hata muuza nyama mwizi ana mizani moja! Hawa wana mbili, na wewe unamfunga mtu kwa mizani hiyo! Una bunduki ngapi hapa?"

"Hiyo siri ya jeshi, apa."

"Basi pamoja na siri yako yote hujui umesimama wapi mpaka simu ikwambie?"

Masikio ya kapteni yakawa mekundu. Akajitetea kwa sauti ndogo. Ramani za karatasi zipo, akasema, lakini za kwao zinasema hivi, za kwenu vile, na zile za enzi za Warusi zinasema jambo la tatu. Makao makuu walichoka kubishana. Waliagiza itumike ya simu, maana ina picha kutoka juu, na kila askari anayo mfukoni bure.

"Bure," akasema Umsunai. Alinyanyuka bila kugusa chai, na kwa watu wale kuiacha chai ya mwenyeji ni kumtemea mate.

Akaenda kwa wa kwao. Meja Toktosun alikuwa anakula tikitimaji mlangoni kwa kambi yake, mbegu zimemwagika hadi kwenye mabuti. Alishasikia kila kitu na alikuwa na furaha ya kutisha.

"Wamemteka raia ndani ya ardhi yetu! Ushahidi huu hapa!" Akatoa simu. "Nikiamua, kesho asubuhi navuka na magari."

"Uvuke ukafanye nini?"

"Nimkomboe mumeo."

"Mume wangu kafungiwa kwenye chumba cha udongo, Meja. Magari yako yakifyatua kombora moja utanikombolea kofia yake. Mimi namtaka anapumua."

"Dada, huelewi mambo ya usalama wa taifa."

"Naelewa. Wewe una simu, mwenzio ana simu, na mwenye simu hajui hata mmoja wenu anaitwa nani. Anauza matangazo. Nenda kapigane naye yeye!"

Jioni akampigia mdogo wake, Sabirkul, dereva wa waziri mmoja kule Bishkek, mji mkuu. Dereva wa waziri husikia mengi kuliko naibu wake. Umsunai alimwomba aongee na mkubwa wake, aongee na kampuni, warekebishe mstari kabla ya Ijumaa.

Sabirkul alicheka, kicheko kikavu.

"Dada, waziri kashawaandikia tangu kipindi cha theluji. Kwa muhuri wa serikali."

"Wakamjibuje?"

"Walimjibu kwa mashine. Eti asante kwa kuwasiliana nasi, tembelea ukurasa wa msaada. Alikuwa kiti cha nyuma anaisoma, mara ya kwanza, mara ya pili, nikamwona kwenye kioo macho yamemlegea. Waziri wa nchi, dada! Juzi huyo kapokea rais wa nchi ya watu uwanja wa ndege. Ofisi yao hapa hawana. Mlinzi hawana. Hata mlango wa kuupiga teke hawana."

"Kwa hiyo hakuna?"

"Kuna kile kidude kwenye ramani, cha kuripoti kosa. Waziri alibonyeza na hicho."

Umsunai akakata simu. Akakitafuta kidude. Akakibonyeza. Ikaja asante, na kinyota cha kumpongeza.

Akakaa kwenye giza la jiko lake akiwaza. Mtu mmoja akibonyeza ni mmoja. Waziri naye ni mmoja, hata akiwa na muhuri. Lakini kijijini kwao nyumba ya mtu ikianguka haijengwi na mmoja. Mfereji ukiziba hauzibuliwi na mmoja. Unapigwa mwito, watu wanakuja na zana zao, hakuna malipo, mwenye shida anapika. Wanaita ashari, na hakuna aliyewahi kuitwa akakosa.

Asubuhi akabandika sufuria kubwa ya pilau, karoti na nyama ya kondoo, akatuma mwito nyumba kwa nyumba. Wakaja. Wazee na kofia zao nyeupe, majembe mabegani, wanawake na karai.

"Tunachimba wapi?" akauliza mzee wa kwanza.

"Hatuchimbi. Majembe wekeni pale. Toeni simu."

"Umsunai, jua limekupata kichwani?"

"Limempata Mamasali. Toeni simu."

Walipanda juu ya paa la shule, ndiko mtandao unakoshika, kijiji kizima kimejipanga kama njiwa. Wakabonyeza. Kosa, kosa, kosa. Vikongwe walishikwa vidole na wajukuu zao. Bibi mmoja alitaka kujua kama anabonyeza kwa nguvu ya kutosha. Waliocheka walicheka, na kwa muda Umsunai akaona kama jambo linakwenda, kama wanapozibua mfereji na maji yanaanza kusogea.

Wale wa ng'ambo walikuwa wanatazama. Habari ilishavuka daraja: Wakirgizi wanasogeza mpaka kwa simu. Nao Watajiki wana desturi hiyo hiyo, jina lenyewe karibu ni lile lile. Kabla pilau haijaiva walikuwa wamejaa juu ya paa la msikiti wao, zaidi ya hawa, na simu mkononi.

"Nyie mnafanya nini?" Wakirgizi wakapiga kelele.

"Mnachofanya nyie!"

"Tunamtoa mtu jela!"

"Mkiachwa mtausogeza mpaka kwenye tanuri zetu!"

"Tanuri zenu zinaunguza mikate, nani anazitaka!"

"Bonyezeni, bonyezeni, vidole vyenu vya kukamua mbuzi!"

Mohbegim peke yake alikuwa chini, kati ya mapaa mawili, anapunga kitambaa. "Acheni! Wajinga nyie, acheni! Mtu atapelekwa Ijumaa!" Hakuna aliyemsikia. Walibonyeza pande zote mbili mpaka simu zikaisha chaji, na kila mmoja akapewa kinyota.

Alhamisi mashine ya kampuni, huko iliko, ilishajumlisha ripoti za pande zote mbili. Haikuuliza mtu. Ule mstari mweusi ulitoweka kwenye simu zote, za huku na za kule. Badala yake ikaja mistari miwili ya vidoti, mmoja ukutani kwa kijiji cha Umsunai, mwingine nyuma ya banda la kuku la Mohbegim. Katikati, bustani yote, miti yote, ikapakwa kijivu. Hata jina lake, ambalo babu zao walikuwa wakilitaja, lilifutwa.

Kapteni Rajabali alimwita Umsunai. Alikuwa hajalala.

"Mchukue mumeo," akasema.

"Hivi hivi?"

"Nimeulizwa na makao makuu nimemkamatia wapi. Nikitazama, pale nilipomkamata si kwetu, si kwenu. Hakimu ataandika nini? Mchukue, apa." Kisha akashusha sauti. "Aliyeubadilisha ni nani? Ni Meja wenu?"

"Meja wetu anadhani ni wewe."

Kapteni akacheka, halafu akaacha. "Mimi nina askari, nina vifaru viwili bondeni, nina jenerali wa kumpigia. Na mtu ambaye simjui kaichora upya nchi yangu mimi nikiwa nasafisha meno."

Umsunai alitaka kumhurumia, akashindwa. Vifaru viwili. Na siku ya kwanza alikuwa amemwambia ni siri.

Mamasali akatoka na ngazi yake begani, ndevu zimeota, anakodoa macho kwa jua. Kitu cha kwanza aliuliza, "Zimeiva zote?"

"Zimeiva."

"Basi twende. Zitadondoka."

"Hakuendeki."

Hakumwelewa mpaka walipofika. Pande zote mbili zilikuwa zimeamriwa jambo moja kwa wakati mmoja: mahali pa kijivu asiingie mtu. Wanajeshi wa Meja walikuwa wanamalizia waya wao ukutani. Wa Kapteni walikuwa wanavuta wa kwao kule bandani, kuku wanawakimbia miguuni. Katikati miti imesimama imeinama kwa uzito, na ardhi yote ni ya rangi ya chungwa, nyigu wanafanya karamu.

"Nani kachora hivi?" Mamasali akauliza.

"Mimi. Mimi na kijiji. Na wale wa ng'ambo."

"Nani aliwakubalia?"

"Hatumjui."

Mamasali alikuwa mpole, mtu wa utani, katika ndoa yao yote hakuwahi kumpandishia sauti. Hata sasa hakumpandishia.

"Ungeniacha mle ndani, Umsunai. Mle nilikuwa namjua aliyenifunga."

Kama angempiga ingekuwa nafuu. Simu ya Umsunai ikalia mfukoni. Akaitazama. Kampuni ilikuwa inampongeza: mchango wake umewasaidia watu wengi kujua mahali walipo.

Akaitupa kwenye mfereji. Akachukua karai lililoachwa ukutani, akanyanyua waya wa chini kwa mguu, akapita. Gauni likanasa, akalichana.

"Rudi!" askari wa Meja wakapiga kelele nyuma yake.

"Rudi!" wa Kapteni wakapiga kelele mbele yake.

"Nirudi wapi?" akawauliza. "Huyu kaweka waya huku, wewe umeweka waya kule. Patana na mwenzio kwanza!"

Meja akaja mbio, mkono kwenye bastola kiunoni. Kapteni naye akafika upande wake, hana kofia.

"Apa, tafadhali! Toka hapo! Nina amri!"

"Ya nani?"

"Apa, nitalazimika!"

"Lazimika! Lakini muulize kwanza mwenye ramani kama unaruhusiwa kunipiga risasi, maana hapa si kwako. Na wewe Meja muulize, maana si kwako pia. Mpigieni! Mimi sina haraka, nina aprikoti."

Kapteni akasimama. Akamtazama Meja kupitia kati ya miti. Kisha, polepole, kama mtu anayeona aibu mbele ya askari wake, akatoa simu. Meja naye akatoa yake. Wakainamisha vichwa, kila mmoja kwenye waya wake, vidole vinasogeza, vinakuza, vinapunguza, vinatafuta pa kuuliza.

Umsunai akavuta tawi la kwanza.

"Mamasali!" akaita bila kugeuka. "Ngazi!"